MPAPAI DUME UNA KOSA GANI?

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Kabla sijaanza naomba radhi. Najua jarida letu limezoea makala kuhusu nidhamu, marafiki wabaya na umuhimu wa Kiswahili, nami naja na habari za mipapai. Najua pia kuna atakayesema, "Huyu naye amekosa la kuandika!" Vumilia kidogo, ndugu yangu. Jambo lenyewe ni letu sote. Aliyeshika panga siku ile nilikuwa mimi, na aliyekosa tunda mezani mwaka mzima ni wewe.

Waliokuwapo mwaka jana wanakumbuka. Sisi wa Chama cha Wakulima tulikuwa tumepanda mipapai 44 nyuma ya bwalo la chakula. Tuliimwagilia maji kwa ndoo kutoka mtoni, kila mtu na zamu yake, jua liwake lisiwake. Nia ilikuwa mapapai mengine yaliwe shuleni, mengine yauzwe sokoni, na pesa tununue pampu ya kukanyaga kwa miguu ili tuachane na hizo ndoo. Muhula wa kwanza maua yakaanza kutoka. Hapo ndipo mtu hujua upi ni mpapai jike na upi ni dume, kwa maana mche ukiwa mchanga haukuambii neno. Dume hutoa vishada virefu vinavyoning'inia, vimejaa maua madogo madogo meupe kama maziwa. Jike maua yake ni makubwa, machache, nayo yamebanana na shina.

Tukahesabu: majike 25, madume 19.

Basi akapita mtu mmoja mwenye sauti kubwa hapa shuleni, ambaye sitamtaja. Akaitazama ile yenye vishada akauliza, "Hii inazaa?" Tukamjibu kwamba haizai. "Sasa inakula mbolea ya nini? Kateni yote!" Hakuna aliyebisha. Mimi nikiwa mwekahazina wa chama nilikuwa wa kwanza kukimbilia panga. Shina la mpapai ni laini kama muwa uliooza, kwa hivyo madume yote 19 tuliyamaliza kabla ya kengele ya chai. Tulicheka sana siku ile. Tulikuwa tukiyaita "wanaume wavivu".

Lo! Kicheko hakikudumu. Majike yakatoa maua, maua yakageuka rangi, yakadondoka. Yakatoa mengine, yakadondoka vilevile. Ukipita pale asubuhi ungedhani kuna mtu anayapukutisha usiku. Kufikia mwisho wa mwaka daftari langu la hazina lilikuwa na mapapai 17 tu, tena mengine madogo kama ngumi ya mtoto, ukiyapasua hayana mbegu ndani. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Huyu alisema ni jua kali, yule akasema ni mbegu mbaya, na wapo walionong'ona ati shamba limerogwa. Lakini jua lile lile liliwaka ng'ambo ya barabara kwa mzee mmoja jirani yetu, na mipapai yake ilikuwa imebeba hadi inaegemezwa miti. Mzee huyo ana madume mawili kando ya zizi la ng'ombe. Nafikiri hata hayo 17 tuliyopata tulipata kwa hisani ya madume yake.

Wakati huo sikuyajua haya. Niliyajua likizo ya Aprili, nilipokwenda kwa nyanya yangu bondeni Kerio. Sisi nyanya tunamwita Kogo. Kogo ana mipapai kama 20 hivi, na katikati kuna dume mbili zimesimama kwa fahari, vishada vinaning'inia kama ndevu za mzee. Nikaona hapa pana kazi ya kumsaidia ajuza wa watu.

"Kogo," nikamwambia, "nipe panga nikukatie hizi mbili. Si hazizai?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Na babu yako alizaa?" akaniuliza. "Mbona yeye hatukumkata?"

Nilinyamaza kimya. Kisha akaniambia nisiingie ndani giza linapoanza, niketi naye kwenye kigoda nitazame.

Jua lilipozama nyuma ya ukingo wa Elgeyo, harufu tamu ikaanza kutoka kwenye vile vishada. Mchana sikuwa nimeisikia. Mara nikasikia mvumo. Nilidhani ni chozi, yule ndege mdogo anayekunywa maua, lakini chozi saa hizo amekwishalala. Alikuwa ni nondo. (Sisemi zile nondo za mafundi wa ujenzi, kama alivyodhani rafiki yangu mmoja nilipomsimulia. Nasema wale vipepeo wa usiku.) Huyu alikuwa mnene kama kidole gumba, mabawa yamechongoka kama ya mwewe, nao Waingereza wanawaita nondo mwewe. Hakutua. Alisimama hewani mbele ya ua, akakunjua mrija mrefu uliokuwa umeviringwa mdomoni kama mkia wa kinyonga, akauingiza uani, akanywa, akahamia ua jingine. Yote hayo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Wakaja wengine. Nilihesabu mara 31 walipotembelea maua ya dume na mara 4 tu walipokwenda kwa jike, kisha giza likanishinda.

Mara 4 tu! Nikamuuliza Kogo mbona jike hawampendi. Akasema hilo niwaulize walimu wangu, yeye alichoambiwa katika mkutano wa wakulima ni kwamba dume asikatwe.

Nilirudi shuleni nikamuuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanieleza jambo ambalo mpaka leo hunichekesha. Ua la mpapai dume lina chavua na lina nekta, yaani ule utamu. Ua la jike halina nekta hata tone. Nondo akiwa katika pilkapilka zake za jioni, na mwanga umekwisha, huona ua jeupe akadhani ni kama yale aliyotoka kunywa. Anaingiza mrija, hapati kitu, anaondoka kwa hasira kama mtu aliyeingia hotelini akaambiwa chakula kimekwisha. Lakini chavua aliyokuja nayo mwilini imekwisha kubaki pale. Jike amepata alichotaka bila kulipa chochote. Ni ulaghai mtupu, na ndio unaotupa papai mezani.

Sasa hebu fikiri tulichokifanya sisi. Tulipokata madume yote tulidhani tumepunguza walaji wa mbolea. Kumbe tuliondoa chavua, na pia tuliondoa karamu iliyokuwa ikiwaleta wageni. Kwa nini nondo aje katika shamba ambamo kila ua ni kibuyu kitupu?

Kuna watakaonipinga kwamba siku hizi zipo mbegu za mipapai yenye maua ya jinsia mbili katika ua moja, inayoweza kujizalia bila kumsubiri mtu. Ni kweli, zipo, na mwenye pesa na azinunue. Lakini mipapai mingi ya vijijini inatokana na mbegu alizotema mtu baada ya kula, na katika hiyo utapata madume na majike. Wala sisemi madume yote yaachwe. Madume 19 kwa majike 25 yalikuwa mengi kupita kiasi, nakiri. Ushauri unaotolewa sana kwa wakulima ni kuacha dume moja kwa kila majike kumi hivi. Kwa hesabu hiyo tungebakiza matatu, tukakata 16, na leo tungekuwa na pampu. Mgala muue na haki yake umpe.

Haya si maneno ya Kogo na yangu tu. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu ambaye ni Mkenya mwenzetu, alichunguza mipapai ya mashambani huku huku magharibi mwa Kenya, akishirikiana na Steven Johnson wa Afrika Kusini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waliona kwamba wanaoichavusha mipapai hii ni hao nondo mwewe. Waliona pia jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: uchavushaji wa mpapai unategemea umbali kutoka shambani hadi kwenye mimea ya asili, na hali ya mimea hiyo. Palipo na msitu au kichaka kizuri karibu, nondo huja. Kilipo mbali, au kimeharibiwa, wanapungua. Mwaka huo huo wa 2009 Martins alipata tuzo ya Whitley kule Uingereza kwa kazi yake ya kuwatetea wachavushaji.

Kwa nini kichaka? Kwa sababu mpapai ni mgeni hapa. Kwao ni Amerika ya joto, na huku kwetu unaozeshwa na nondo wa Afrika ambao walikuwapo kabla yake. Nondo hawa hawaishi kwa mpapai. Wanakunywa maua ya usiku ya mwituni, yale meupe yenye harufu kali na shingo ndefu. Na kabla hawajawa nondo walikuwa viwavi, nao viwavi wana majani yao. Wapo nondo mwewe ambao viwavi wao hula majani ya mtandamboo, mti ule ule wa miiba ambao sote tumekula matunda yake meusi tukitoka shule ya msingi. Ukiung'oa mtandamboo umemng'oa nondo pamoja nao, hata kama hukuwahi kumwona.

Na sasa nifike panaponiuma. Kati ya bweni letu na mto kuna kichaka. Mnakijua, msijifanye. Kina mitandamboo, kina migunga, kina mimea inayotambaa ambayo sijui majina yake. Tumetangaziwa gwarideni kwamba likizo ya Desemba kichaka hicho kitafyekwa chote, mahali pake papandwe nyasi na safu za mikaratusi. Sababu zilizotolewa ni tatu: nyoka, wezi, na wanafunzi wanaojificha humo kwa mambo yasiyoandikika katika jarida.

Sababu hizi sizidharau. Nyoka alipoonekana mlangoni mwa bweni nilikuwa miongoni mwa waliopanda juu ya vitanda, na mayowe yangu yalisikika. Mzazi akisikia mwanawe ameumwa, habari za nondo hatazitaka. Lakini wenye mpango huu wanasema mtupa jongoo hutupa na mti wake, kwa hiyo nyoka aende na kichaka chake kizima. Mimi nauliza, lazima kizima? Tupime hatua 20 kutoka ukutani mwa bweni, tufyeke hapo tupate uwanja mweupe usio na maficho, na upande wa mtoni tuache kama ulivyo. Anayetaka kujificha hata kwenye mikaratusi atajificha, na mwizi aliyeamua kuja hazuiwi na kukosekana kwa mtandamboo. Tukitaka kuzuia watu, tuna ua la kayaba pale langoni ambalo hata mbuzi hapenyi. Tupande jingine kama hilo.

Mikaratusi yenyewe sina ugomvi nayo. Nyuki wanayapenda maua yake, na nguzo tunazihitaji. Lakini safu za mti mmoja chini ya nyasi zilizokatwa haziwezi kumlea kiwavi wa mtandamboo, na kichaka kikishang'olewa hakioti tena kwa tangazo la gwarideni.

Katika mazungumzo ya bwenini rafiki yangu mmoja alinikatiza. "Wee, wacha hizo! Mahindi na maharagwe ndiyo tunakula hapa kila siku. Nondo anahusikaje na githeri?" Nikamjibu kweli tupu: kwa githeri hahusiki. Mahindi huchavushwa na upepo, na maharagwe kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe. Asiyetaka kula kitu kingine maishani hana haja ya kusoma makala hii. Lakini malenge yana ua la kiume na la kike mbalimbali, na bila nyuki hayashiki. Tikiti maji ni vivyo hivyo. Maembe ya kule bondeni yanahitaji nzi na nyuki. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wanasayansi liitwalo IPBES lilitoa ripoti kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama wachavushaji, angalau kwa kiasi fulani. Ukiondoa hao hufi njaa kesho, ila utakula githeri mpaka uichukie.

Shida yetu, kwa maoni yangu, ni kwamba mdudu tumefundishwa kumjua kwa ubaya tu. Nchi hii ina kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya, marehemu Profesa Thomas Odhiambo, na wageni husafiri kutoka mbali kuja kusoma hapo. Lakini sisi tukisikia neno "mdudu" shuleni tunafikiria dawa ya kunyunyiza. Tunaulizwa mara nyingi jinsi ya kumwua. Ni nadra kuulizwa kazi yake.

Wala si jambo jepesi, nisije nikawadanganya. Kule kwa Kogo nilimkuta kiwavi mnene mwenye pembe mkiani akitafuna majani ya viazi vitamu. Nikainua mguu. Kogo hakunizuia, maana viazi ni vyake na kiwavi ni mwizi. Baadaye nilijua kwamba kiwavi yule akikua huwa nondo mwewe. Mtoto anaiba viazi, mzazi analeta mapapai! Kogo anasema akiwaona wachache anawaacha, wakizidi anawaokota kwa mkono. Sijapata jibu bora kuliko hilo. Najua tu kwamba dawa inayomwagwa shamba zima haichagui.

Na hapo kwenye dawa kuna mtego. Tumefundishwa tunyunyize jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Ni ushauri mzuri kwa malenge na kwa maharagwe. Lakini kwenye mpapai uliochanua, jioni ndiyo saa ya wageni wenyewe kuingia. Mwenye kunyunyiza saa kumi na mbili unusu amewaokoa nyuki na kuwamwagia sumu nondo mezani pao. Wenzangu wa Chama cha Wakulima, hili naomba mlijadili vizuri nitakapokuwa nimeondoka.

Jambo jingine dogo ni ile taa kubwa ya usalama nyuma ya bwalo. Kila asubuhi wanaofagia hukuta chini yake nondo waliochoka kuizunguka usiku kucha, na wengine wamepondwa kwa viatu na watu wa kwenda maliwatoni. Taa hiyo inaangalia mipapai moja kwa moja. Sisemi izimwe, bawabu naye ana macho yake ya kulindwa. Ielekezwe tu langoni.

Walimu wetu wapendwa, hasa mlio katika kamati ya mazingira, sikuandika haya kwa utovu wa adabu. Aliyetuamuru kukata alitutakia mema, nasi tuliokata tulitii kwa furaha. Ombi langu ni kwamba kabla ya Desemba kamati ije pale kichakani jioni moja, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya masomo ya usiku. Msije na panga. Njooni na kiti. Tangu niingie shule hii, saa hiyo tumekuwa tukifungiwa madarasani au tumo kwenye foleni ya chakula, na nafikiri ndiyo sababu hakuna anayejua kinachopita juu ya vichwa vyetu.

La mwisho. Nyuma ya jiko, karibu na lile pipa la majivu, umeota mpapai mmoja ambao haukupandwa na mtu. Wiki iliyopita umetoa vishada. Ni dume. Mpishi mkuu amekwisha kuuliza kwa nini unaziba njia ya kuni, nami nimemwomba avumilie. Nimeufunga kitambaa chekundu shinani. Majike 25 bado yapo pale pale nyuma ya bwalo, hatua kama 60 kutoka jikoni, na yanaendelea kuchanua. Mimi mwaka ujao sitakuwapo. Atakayechaguliwa mwekahazina na aje anione kabla sijafunga sanduku langu, nimkabidhi daftari na nimwonyeshe mti wenyewe.